Hofu Iliyoandikwa: Kutoka Ukuta wa Louisville hadi Simu ya Buffalo

Tumezoea kuihakiki hofu ya kimbari kama hisia ya mhusika: anaogopa, anachukia, kisha anatenda. Kitabu cha Anne Braden, The Wall Between (1958), kimenifanya niutilie shaka mkabala huo. Hofu anayoisimulia ilikwisha kuandikwa kabla haijaingia moyoni mwa yeyote.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1954 Braden na mumewe Carl, Wazungu wote wawili, walinunua nyumba katika kitongoji cha Wazungu pembezoni mwa Louisville kwa niaba ya Andrew na Charlotte Wade, mke na mume weusi. Msalaba ukachomwa moto, mawe yakavunja dirisha, risasi zikafyatuliwa. Juni 27 nyumba ikalipuliwa. Aliyefungwa si mlipuaji. Ni Carl Braden, aliyehukumiwa miaka 15 kwa uchochezi dhidi ya serikali (hukumu ilitenguliwa baadaye), na miongoni mwa vielelezo vya mashtaka vilikuwamo vitabu vilivyochukuliwa nyumbani kwao. Mhakiki hawezi kulipita jambo hilo bila kusimama: baruti imelipuka, na dola inakwenda kupekua rafu ya vitabu.

Nguvu ya Braden ni kwamba anaanza kwa kujichunguza mwenyewe, binti aliyelelewa Alabama, kabla ya kumhukumu jirani. Kwake, hofu ni somo lililofundishwa. Nami naongeza kwamba somo hilo lilikuwa na kitabu chake cha kiada: mwaka 1914 Louisville ilipitisha sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye Wazungu wengi. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha mwaka 1917. Miaka 37 baadaye akina Wade waliukuta ukuta ungali umesimama.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Akina Wade tunawaona wakivumilia. Mawazo yao hatuyasikii vya kutosha. Katika Vuta N'kuvute (1999), Adam Shafi alifanya vingine. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anapompenda Denge na kukataliwa na jamaa zake, hofu ya jamaa hao inatufikia kupitia kwake yeye anayeilipia. Braden hakuwa na njia hiyo. Labda kwa uaminifu hakutaka kujifanya anayo.

Sauti inayokosekana nimeisikia kwingine. Huku Columbus, Hanif Abdurraqib, mzaliwa wa mji huu, ameandika insha (They Can't Kill Us Until They Kill Us, 2017) zinazoanzia kwenye muziki; ghafla msomaji anajikuta ndani ya mwili wa kijana mweusi anayeogopwa, naye akiogopa. Wanafunzi wangu, watoto wa wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani, humwelewa upesi kuliko ninavyomwelewa mimi, niliyefika Marekani mtu mzima na stashahada mkononi.

Ni wao walionirudisha Buffalo. Mei 14, 2022, kijana wa Kizungu wa miaka 18 aliwaua watu 10 weusi katika duka la Jefferson Avenue, akiwa ameacha waraka mrefu kuhusu Wazungu kunyang'anywa nafasi yao. Waraka, tena! Mwanafunzi mmoja aliuliza fasihi ina nini cha kuweka mbele ya andiko kama lile.

Niliwapa Generations (1976) ya Lucille Clifton, aliyekulia Buffalo. Kumbukumbu hiyo, inayozunguka mazishi ya baba yake mjini humo, inafunguka kwa simu: mwanamke wa Kizungu, wa ukoo uliowamiliki wazee wa Clifton, anakusanya historia ya familia. Majina ya watumwa hayamo katika orodha yake. Clifton hampigii kelele. Anaanza kuwataja wake, akianza na Caroline, aliyetoka Dahomey na kutembea kwa miguu kutoka New Orleans hadi Virginia akiwa na umri wa miaka minane. Aliyeuliza swali alikisoma usiku huo huo. Wiki iliyofuata alikuja na daftari, akiwa amempigia bibi yake simu Uvira.