Pampu Mpya, Ugonjwa Uleule

Gari la petroli likianza kukosa nguvu na kuzima njiani, gereji nyingi huanza kwa kubadilisha pampu ya mafuta. Si ujinga. Pampu huchoka kweli, spea ya mtumba haisumbui kupatikana, na magari mengi hupona. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu gari nalo lilipona, likatamba wiki chache, kisha likarudi kulekule likiwa na pampu mpya ndani ya tangi.

Ni Probox ya injini ya 1NZ-FE, cc 1500, inayopeleka mizigo Iringa kutoka Dar es Salaam. Asubuhi, injini ikiwa baridi, hakuna tatizo. Ikishapata moto na barabara ikaanza kupanda, hasa Kitonga, dereva akikanyaga mafuta gari linajikokota, nguvu inapungua taratibu, mwishowe linazima. Likipumzishwa kidogo linawaka kama vile halijawahi kuumwa. Taa ya cheki injini ilikuwa imewaka, na mashine ya kupimia ikatoa kodi P0171.

Kodi hiyo inasema jambo moja tu: petroli inayofika ni kidogo kwa hewa iliyopo. Haisemi kwa nini. Huenda kuna mpira uliopasuka unaoingiza hewa ya wizi, huenda sensa ya hewa imechafuka na inadanganya, huenda petroli yenyewe haifiki. Anayesoma kodi na kukimbilia duka la spea anacheza bahati nasibu kwa pesa za mteja.

Fundi niliyemfuatilia alibaki kwenye mashine ileile, akafungua ukurasa unaoonyesha kompyuta ya injini inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Kwenye sailensa, injini ikinguruma bila kukanyagwa, karibu sifuri. Barabarani, gari likiwa na mzigo, zaidi ya 20. Tofauti hiyo inasema mengi. Mpira uliopasuka huonekana zaidi injini ikiwa kwenye sailensa, kwa kuwa hapo mvuto wa hewa ni mkubwa na hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga mafuta, athari yake inafifia. Hapa ilikuwa kinyume. Sensa ya hewa ikasafishwa, namba hazikubadilika. Masega ya ekzosi yaliyoziba nayo huua nguvu mlimani, ila moshi ukikwama hata hewa inayoingia hupungua, sensa inaliona hilo, na kompyuta haina sababu ya kudai petroli zaidi. Koili nazo zikaachwa: gari linalomisi hurukaruka na kutikisika, na hili lilikuwa linazama polepole.

Ikabaki petroli. Injini hii haina bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Kidhibiti cha presha kimo humohumo ndani ya tangi pamoja na pampu, na presha inatakiwa kuwa kati ya kPa 304 na 343. Geji ilipofungwa uani ilisoma kPa 310. Wengi wangeishia hapo na kuandika "presha nzuri". Yeye aliiunga kwa mpira mrefu, akaitoa nje ya boneti na kuifunga mbele ya kioo ili isomeke gari likitembea. (Petroli yenye presha karibu na injini ya moto si mchezo, kila klipu ilikaguliwa mara mbili na mtungi wa kuzimia moto ulikuwa kwenye siti.) Mlimani, sindano ya geji ilishuka hadi chini ya 200.

Pampu ni mpya na chujio ni jipya, sasa petroli inapungukia wapi? Fundi wa kwanza, yule aliyebadilisha pampu, alikuwa ameshapima umeme wake: alichomoa soketi yake, akachomeka mita, akapata volti 12, akaridhika. Kosa liko kwenye kuchomoa. Waya usiopitisha mkondo hauonyeshi udhaifu wake. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki utakupa volti zote 12. Udhaifu hujitokeza pampu inapovuta umeme wake, kama ampia 5 hivi.

Kwa hiyo soketi ikaachwa mahali pake. Injini ikiwaka, ncha moja ya mita iliwekwa kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi wa pampu. Mita ilipaswa kusoma karibu sifuri. Ikasoma karibu volti 3. Upande wa chanya haukuwa na shida. Yaani betri ikichajiwa kwa volti 14, pampu ilikuwa inaambulia 11 hivi, na kadiri sehemu ile ilivyopata joto ndivyo ilivyozidi kunyimwa. Kwa ampia 5, upungufu wa volti 3 ni omu 0.6 tu, kiasi ambacho mita ya bei nafuu, na upinzani wa nyaya zake zenyewe, ingekihesabu kuwa si kitu.

Waya ulifuatwa mpaka kwenye boliti inayoushika na bodi, chini ya zulia. Ilikuwa imekula kutu. Pampu ilipobadilishwa, siti ikang'olewa na nyaya zikavutwavutwa, kutu ikasogea kidogo, na kwa wiki hizo chache mguso ukawa mzuri. Sifa ikapewa pampu.

Tiba ilikuwa msasa mpaka chuma king'ae, kichwa kipya cha waya, boliti mpya, na grisi juu yake. Upungufu ukashuka hadi volti 0.1, na mlimani geji haikushuka chini ya kPa 300. Asilimia za petroli zilirudi chini zenyewe siku zilizofuata, kompyuta ilipokuwa inajifunza upya. Zulia lilikuwa bado na maji ya kuoshea gari kwa chini. Likatolewa lote na kuanikwa juani kabla siti haijafungwa.