Ungamo Lisilo Huru: Tahakiki ya Filamu "In the Name of the Father"

Filamu hii ya Jim Sheridan, iliyotolewa mwaka 1993, yasimulia habari za Gerry Conlon na wenzake 3, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1975 kwa ajili ya mabomu yaliyoua watu 5 mjini Guildford, Uingereza, tarehe 5 Oktoba 1974. Waliachiwa huru mwaka 1989. Jina lake, "Kwa Jina la Baba", ni maneno tuyatamkayo tunapobatiza na tunapotangaza ondoleo la dhambi; kwa hiyo yatupasa kuipima kwa makini.

Sehemu yake iliyo bora ni ile ya mahojiano. Kijana anapigwa, kisha anatishiwa kwamba baba yake atauawa. Ndipo anatia sahihi. Mtazamaji anaelewa jinsi asiye na hatia awezavyo kukiri kosa ili awaokoe walio wake.

Hata hivyo, filamu yapotosha mambo. Yaonyesha baba na mwana wakihukumiwa pamoja, hali Giuseppe Conlon alihukumiwa mwaka 1976 katika kesi nyingine. Hilo laweza kuachiwa sanaa. Kosa kubwa zaidi liko mwishoni, ambapo ushahidi mmoja uliofichwa unafanywa kuwa sababu ya kufunguliwa kwao. Kwa kweli Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu kwa kuwa kumbukumbu za polisi za mahojiano hazikuweza kuaminiwa, na kesi ilikuwa imesimama juu ya maungamo hayo. Mtazamaji aondoka akilaumu karatasi iliyofichwa, asitambue hatari ya kumhukumu mtu kwa ungamo tu.

Tena filamu haikumpa nafasi Kardinali Basil Hume, aliyemtembelea Giuseppe gerezani mwaka 1978, akasadiki kwamba hana hatia, akaendelea kumtetea hata baada ya kufa kwake kifungoni mwaka 1980. Hapo pana somo kwa wachungaji wa magereza. Katika mafundisho ya Kilutheri ungamo halilazimishwi, na uzito wake uko katika neno la msamaha. Mhojaji atoaye vitisho, kisha akaahidi nafuu, anauiga msamaha huo kwa uongo. Basi mfungwa akikana kosa, tusifanye haraka kumhesabia ugumu wa moyo. Kwanza tumsikilize, kwani huenda anasema kweli.

Filamu yafaa kuonyeshwa vyuoni, mradi mwalimu ayasahihishe yaliyopotoshwa.