Harufu Isiyosafiri

Karafuu ya Pemba huanikwa juani, ikapakiwa melini, ikafika upande wa pili wa dunia na makali yake yote. Iliki, mdalasini na pilipili manga hukaa kabatini miezi na miezi bila kupoteza heshima. Majani mabichi hayamo katika kundi hilo. Kotmiri iliyong'olewa alfajiri huifikia jioni imenyong'onyea. Siku mbili baadaye imeanza kuwa manjano, na ukiianika ili uiweke akiba unabaki na majani makavu yasiyo na kitu. Harufu yake, kama ya mnanaa na ya rehani, imo katika mafuta mepesi yanayoanza kutoroka hewani pale tu jani linapokatwa au kupondwa, na moto huyamaliza upesi. Ndiyo maana mpishi anayeijua kazi yake huinyunyiza kotmiri mchuzi ukiwa umeshaepuliwa, kisha akafunika.

Kwa hiyo ladha hii ina umbali wake, na umbali huo ni mfupi. Muuzaji wa sokoni hana hila ya kuurefusha zaidi ya kurashia maji mafungu yake kutwa nzima. Anayetaka kuijua kotmiri ilivyo hasa hana budi kuiotesha karibu na jiko: dirishani, kibarazani, kwenye roshani ya ghorofa, au kona ya uani inayopata jua. Kazi hiyo nataka kuisifu, kwa sababu naona inadharauliwa. Watu huiita mapambo, au mchezo wa wenye nafasi. Mimi nasema ni ufundi kamili, na kwa upande mmoja ni mgumu kuliko kilimo cha shambani.

Wala si ufundi mgeni kwetu. Katika miji ya mawe ya pwani, Lamu, Mombasa ya kale, Mji Mkongwe wa Unguja, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta na ardhi ya kulima hakuna, mrehani umekuzwa tangu zamani kwenye mitungi iliyopasuka, madebe na makopo. Zaidi ulipandwa kwa ajili ya kikuba, rehani ikafungwa pamoja na asumini, waridi na mkadi, mwanamke akajipamba nacho na kunukia usiku kucha. Kivumbasi nacho kiliwekwa karibu na nyumba kufukuza mbu. Na mrehani huo ndio jani lile lile ambalo Waitalia hulipondaponda kwa mafuta ya zeituni na kulitandaza juu ya nyanya. Mkono uliojua kuulea kwa ajili ya manukato unajua tayari mengi yanayohitajika jikoni.

Ugumu wenyewe ni huu. Mmea ulio ardhini hutafuta. Maji yakipungua juu, mzizi hushuka. Chakula kikiisha upande mmoja, hugeukia wa pili. Mmea ulio kwenye ndoo hauna pa kwenda. Mvua haiufikii chini ya bati, mzizi hugonga ukuta, na chakula chake chote ni kile ulichokitia wewe siku ya kupanda. Mkulima wa shamba hushirikiana na ardhi na mawingu. Mwenye ndoo anabeba kazi zote mbili peke yake.

Anza na tundu. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na chombo kisichotobolewa chini huua mmea kwa kuuzamisha. Msumari uliopashwa moto hutoboa ndoo ya plastiki bila kuipasua. Kisha kuna desturi iliyoenea sana, ya kutandaza kokoto chini ya chombo ili maji yapite, na hii ningependa iachwe. Maji yanaposhuka katika udongo laini na kukutana na kokoto hayavuki kwa urahisi. Udongo huyashikilia mpaka ulowe kabisa ndipo yadondoke. Matokeo yake ni kwamba tope, ambalo lingekaa chini kabisa ya ndoo, limepandishwa juu, karibu zaidi na mizizi. Kigae kimoja au kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike, halafu jaza udongo kuanzia chini mpaka juu. Mawe yana kazi yakisimama, si yakilala. Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi nchini Kenya, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza bustani za magunia huko Kibera, Nairobi. Humo mawe hupangwa katikati ya gunia mithili ya nguzo, kutoka chini hadi juu, maji yakapata njia ya kulifikia kila tabaka, na sukuma wiki ikachomoza ubavuni pande zote. Giligilani, ambayo ndiyo kotmiri hiyo hiyo, hupandwa vivyo hivyo juu ya gunia.

Chungu cha udongo hupumua: maji hupenya ukuta wake na kuvukiza, kwa kanuni ile ile inayoyapoza maji ya mtungi, na mizizi ikabaki baridi. Ubaya wake ni kwamba wakati wa kiangazi hutaka maji asubuhi na jioni. Plastiki hutunza maji, lakini iliyo nyeusi ikipigwa na jua la saa nane huunguza mizizi. Ipake chokaa au ivike gunia. Dumu la dawa ya wadudu au la oili chafu ya gari halifai, hata lioshwe vipi.

Udongo nao haukwanguliwi tu uani. Udongo mtupu ukimwagiliwa kila siku ndani ya chombo hushikamana ukawa mgumu, na maji yakaanza kupita pembeni bila kuugusa mzizi. Mafungu mawili ya udongo wa juu, fungu la samadi na fungu la mchanga wa mtoni ni mchanganyiko ambao haujawahi kuniangusha. Nasema wa mtoni, kwa kuwa mchanga wa ufukweni una chumvi. Wenye makumbi ya nazi wanaweza kuyasaga na kuyatia ili yashike unyevu, mradi si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba; hayo yamekunywa bahari, na bila kuyasuuza mara kadhaa yataudhuru mmea. Samadi iwe imeoza barabara. Ukiinusa unasikia harufu ya ardhi baada ya mvua, husikii zizi, na ukiifikicha inakuwa unga. Iliyo mbichi huunguza.

Maji ndiyo mtihani wenyewe, na hapa ndipo fundi hutengana na mpenda majani. Hakuna ratiba inayofaa. Anayemwagilia kikombe kimoja kila siku saa kumi na mbili anaifuata saa, wakati mmea unafuata jua, upepo na ukubwa wake mwenyewe. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili: pakiwa na unyevu, acha. Baada ya muda hata kidole hakihitajiki. Unaiinua ndoo kidogo upande mmoja na uzito wake unakwambia. Mkono hujifunza haraka kuliko unavyodhani. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kwa sababu maji ya juu juu hufundisha mizizi kubaki juu juu, na siku utakapochelewa itakauka. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na utaiona ikijiandika kwa ukoko mweupe kwenye ukingo wa chombo. Basi kinga mvua, na kila inaponyesha zitoe ndoo zako nje ziogeshwe, chumvi ishuke na itoke kwa chini.

Lakini maji yanayoosha chumvi huosha na chakula. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili loweka samadi, chuja, zimua mpaka rangi yake ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi, kisha nywesha. Usizidishe. Mrehani na rozimeri zikishibishwa sana hutoa majani makubwa, mazuri kwa macho, yenye harufu hafifu.

Kila mmea una tabia yake, na wa kotmiri ndio unaowashinda wengi wa pwani. Kile tunachokiita mbegu ya dhania ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Ligandamize polepole kwa chupa mpaka ligawanyike, loweka usiku kucha, kisha sia pale pale litakapokulia, kwenda chini kama sentimita moja. Usiatike. Kotmiri ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, na ukiusumbua mche hushtuka ukakimbilia maua. Miche huchomoza kati ya siku 7 na 14, na kuchuma huanza wiki ya tano au ya sita. Halafu kuna joto. Nyanda za juu, Nairobi, Arusha, Mbeya, kotmiri haina tabu kubwa. Ukiipanda Tanga au Mombasa mwezi wa Januari, kabla hujala vya kutosha bua limeshapanda, majani mapana yamegeuka nyuzi na maua meupe yametoka. Wengi hudhani mbegu ilikuwa mbovu. Mbegu haina kosa. Mmea uliobanwa na joto huharakisha kuacha uzao.

Dawa yake ni majira na kivuli. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio wakati wake pwani; upate jua la asubuhi na kivuli kuanzia adhuhuri, na usie chombo kipya kila baada ya wiki mbili tatu ili kimoja kikichoka kingine kiwe tayari. Iliyochanua usiing'oe. Matunda yake machanga, yakiwa bado ya kijani, yana ladha iliyo kati ya jani na dhania, na kwenye chatine ya nazi hayana mfano. Sokoni hutayakuta kamwe. Kwangu mimi hayo peke yake yanatosha kuwa sababu ya kupanda.

Mnanaa hauhitaji mbegu: kijiti kilichobaki baada ya biriani, ukikipukutisha majani ya chini na kukitia kwenye glasi ya maji, hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Upe chombo chake peke yake, maana hutambaa chini kwa chini na kuwafunika jirani zake. Mchaichai hupandwa kwa kuligawa shina lake. Upe ndoo ya lita 20 na jua kali, basi. Rozimeri asili yake ni nchi za Mediterania na huchukia kulowa. Nairobi watu huifanya ua wa nyumba, lakini pwani hudai mchanga mwingi na mkono wenye choyo ya maji.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kuchuma, kwa kuwa hapo kula na kulea ni kitendo kimoja. Tazama mrehani. Majani yake hutoka mawili mawili, yakitazamana, na kwenye kwapa la kila jani kumelala chipukizi. Ukikata kilele juu kidogo ya jozi ya majani, machipukizi hayo mawili huamka. Palipokuwa na tawi moja sasa yapo mawili, na ukiyakata hayo utapata manne. Ukiuonea huruma usiukate, utachanua, majani yatadogoka na kuwa machungu, shina litageuka kuni. Kwa hiyo waliochuma vilele vya mrehani jioni hadi jioni kwa ajili ya vikuba walikuwa wakiurefushia maisha. Kotmiri hukatwa mabua ya nje, kiini kikaachwa. Chuma asubuhi, jua halijawa kali, wala usichukue zaidi ya theluthi kwa mara moja. Ukikuta vidukari chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Sumu ya dukani isikanyage hapo, kwani majani hayo utayala mabichi leo leo.

Na hilo la kula mabichi lina uzito wake. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, wakakuta ndani yake madini mazito, yakiwemo risasi na kadimi. Siwalaumu wakulima wa mabondeni. Wanaulisha mji kwa maji waliyo nayo. Ila mchicha tunauchemsha, kotmiri tunaitupia juu ya kachumbari kama ilivyo, na ingawa risasi haitoki kwa kuchemshwa, vijidudu vya maji machafu hufa motoni, na kachumbari haioni moto. Jani uliloliotesha mwenyewe unajua limekunywa nini.

Ndoo ina sifa moja zaidi ambayo shamba halina. Mpangaji anapohama, bustani yake hupanda mkokoteni pamoja na godoro. Mijini tumejaa wapangaji, na wengi huahirisha kupanda chochote wakingoja kiwanja. Jani la kutia kwenye mchuzi halihitaji hati.

Masika yakikatika, nenda duka la viungo ununue dhania nzima isiyokaangwa, ya mwaka huu kama wanayo. Tafuta ndoo moja, uitoboe, uijaze, usie. Iweke pale unapopita kila unapokwenda jikoni, kwa sababu ndoo iliyofichwa nyuma ya nyumba haimwagiliwi.