Aya za Mapenzi: Ridhaa ya Maria i Wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mwaka 2004 Habiburrahman El Shirazy, mhitimu wa al-Azhar, alitoa riwaya ya Ayat-Ayat Cinta, yaani Aya za Mapenzi. Mwaka 2008 Hanung Bramantyo aliigeuza filamu, ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 3. Kwa vijana wengi wa Indonesia, Fahri, mwanafunzi wa kwao aliyeko Cairo, akawa kigezo cha mchumba mwema.

Kheri zimo. Fahri hamgusi mwanamke asiye maharimu wake, huwatetea wageni wasio Waislamu wanapotukanwa ndani ya treni, na humuoa Aisha bila ya urafiki wa siri. Kijana anaoneshwa kuwa staha nayo ina uzuri wake.

Lakini tusimame hapa. Fahri anasingiziwa kubaka na anakabiliwa na kitanzi. Shahidi wa kumuokoa ni jirani yake Maria, Mkristo wa Kikopti, naye yu mahututi, hajitambui. Fahri anakataa kumgusa. Aisha anamsihi amuoe mke wa pili, na ndoa inafungwa hospitalini. Mtazamaji analia. Sisi tunauliza: ridhaa ya Maria i wapi?

Mtume (S.A.W.) ameamrisha bikra aombwe idhini, na kunyamaza kwake ni idhini. Hicho ni kimya cha mwenye fahamu aliyeulizwa. Mahanafi wanashurutisha ridhaa ya mwanamke baleghe mwenye akili. Mashafii, ambao ndio wengi Indonesia na katika mwambao wetu, humpa baba uwezo wa kumuoza bikra kwa masharti, na bado kumtaka shauri ni sunna. Riwaya inatosheka na daftari la siri la Maria lililofichua mapenzi yake. Kupenda si kukubali ndoa, seuze ya uke wenza! Hata sheria ya ndoa ya Indonesia, Namba 1 ya 1974, inataka ridhaa ya wote wawili.

Enyi maimamu, kuilaani filamu mimbarini hakutoshi. Vijana wameshaitazama. Tukae nao darasani, tuwaulize swali hili, kisha tufungue vitabu pamoja. Kijana aliyejifunza ndoa kwa machozi atadhani huruma yake inamtosha. Na binti wa watu ataozwa bila kuulizwa.

Wallahu a'lam.