Barua kwa Jenerali Smuts

Kutoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Mwatate, Bura na Maktau, nchi inatandaa na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye kope. Kilima cha Salaita kiko huko mbele, na kwa udogo wake msafiri asiyeambiwa anakipita bila kugeuza shingo. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalikwenda kukitwaa kutoka kwa Wajerumani, ambao walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914. Mbele walitangulizwa wazungu wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nyika hii, walioshuka melini Mombasa mwezi uliotangulia. Watu hao walikuwa na mazoea ya kuwaita askari wa Kihindi makuli. Kufika alasiri walikuwa wanarudi mbio, zaidi ya 130 miongoni mwao wakiwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani waliko, na waliosimama kuwakinga wasifuatwe walikuwa Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka Bara Hindi.

Inasimuliwa kwamba baada ya vita Wabaluchi waliirudisha bombomu, kama wazee walivyoiita bunduki ile ya rashasha, iliyotupwa na wale wazungu wakikimbia. Pamoja nayo walipeleka kikaratasi. Kwanza salamu, kisha ombi: kuanzia sasa, tafadhali, askari wetu wasiitwe tena makuli. Basi.

Anayetaka kujifunza kuandika barua wakati wa vita na aanzie hapo. Hasira ipo, ila haikuandikwa. Hakuna hotuba kuhusu utu wa binadamu wala hesabu ya maiti. Hoja yote imebebwa na kile chuma kilichoandamana na karatasi. Mlalamikaji ameleta ushahidi usiokanika, amemwendea mkosaji kwa adabu, na amemwomba jambo moja tu, ambalo mkosaji anaweza kulitenda kesho asubuhi bila kuitisha baraza. Nimesoma risala nyingi za kuomba amani na misaada, za mashirika makubwa na za wasomi wenye majina, na ni chache zilizotimiza hayo matatu kwa pamoja.

Wiki moja baada ya aibu ile, Jan Smuts alifika Mombasa kushika uongozi wa jeshi. Mnamo Machi 9 askari wake waliikuta Salaita imeachwa tupu, na usiku wa kuamkia tarehe 12 vilima vya Latema na Reata vilitwaliwa kwa damu nyingi. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Kahe. Nyuma ya jeshi reli ilikuwa inatandazwa kutoka Voi, na ambako reli haikufika mzigo ulipanda kichwani mwa mpagazi. Mwaka uliofuata Smuts alikuwa London, mjumbe wa Baraza la Vita la Uingereza, mmoja wa watu wachache ambao neno lao lingeamua nani atatawala nchi hizi bunduki zikinyamaza. Ndipo askofu wa Zanzibar, Frank Weston, alipomwandikia barua ya wazi, iliyochapishwa mwaka 1918 kwa jina la *The Black Slaves of Prussia*, yaani watumwa weusi wa Prusia.

Weston alizaliwa London mwaka 1871, akasoma Oxford, akaja Zanzibar mwaka 1898 na UMCA, misheni ya Kianglikana. Alifundisha katika chuo cha misheni cha Kiungani, akakijua Kiswahili kama mtu anayekiotea ndoto, na mwaka 1908 akawa askofu. Dayosisi yake haikuishia Unguja. Ilivuka bahari hadi Magila na Masasi, ndani ya himaya ya Wajerumani, kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa mchungaji chini ya bendera mbili. Vita vilipoanza, mapadri na walimu wake Waafrika upande wa bara walifungwa na Wajerumani, wengine kwa minyororo, na wapo waliokufa. Mwaka 1916 serikali ya Zanzibar ilipohitaji wapagazi wa jeshi, Weston alijitwika kuwaongoza yeye mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu bara ya Mrima.

Ninayataja haya kwa sababu ndiyo bombomu yake. Barua ya wazi ni kitu chepesi. Mtu yeyote mwenye wino anaweza kumwandikia mkubwa na kuwawekea wengine nakala. Barua hugeuka kuwa nzito pale mwandishi anapokuwa na kitu cha kuweka mezani ambacho msomaji hawezi kukisukuma pembeni. Weston hakuwa bwana wa London aliyesoma habari gazetini. Aliishi na watu hao, aliwapoteza wengine, aliona mgongo wa mpagazi akiwa nyuma yake njiani. Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe baadaye zilikiri kwamba wapagazi waliokufa katika vita hivi ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo mno. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kwa watu hao.

Kisha uteuzi wa anayeandikiwa. Angeweza kuandikia dunia nzima, kama wengi wanavyofanya, na dunia nzima isingejibu. Alimchagua mtu mmoja ambaye alikuwa amepita Taveta na Moshi na kuyaona mashamba, viboko na magereza ya Mjerumani, na ambaye sasa alikaa kwenye meza ya maamuzi. Smuts hangeweza kusema hakujua. Na hoja iliyowekwa mbele yake ilikuwa nyembamba: hapa pana viboko, kazi ya kulazimishwa na ukatili wa watawala, basi watu hawa wasirudishwe mikononi mwa Ujerumani amani itakapopatikana.

Nakiri kwamba barua hiyo ilimfaa sana Mwingereza. Serikali iliyotaka kulichukua koloni la adui ilipewa sababu takatifu ya kufanya hivyo, na Tanganyika kweli ikaishia mikononi mwa Uingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule, mpango ambao Smuts mwenyewe alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Barua ya kutetea wanyonge inayomfurahisha mwenye nguvu wa upande wako ni lazima isomwe kwa jicho la pili. Huku Taita watu wa Kasigau walikuwa na habari nyingine. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kukiteka kituo cha Waingereza pale mlimani, serikali iliwatuhumu wenyeji kuwa wamemsaidia adui, ikawaondoa kwa nguvu na kuwapeleka Malindi. Wengi walikufa huko ugenini, na waliobaki hawakurudi kwao mpaka miaka ya 1930. Aliyewahamisha hakuwa Mprusia.

Kama Weston angeweka kalamu chini mwaka 1918, nisingekuwa na sababu ya kumwandika. Angekuwa mmoja wa wale wanaoona kibanzi ng'ambo ya mpaka tu, na hao hawajawahi kuwa haba.

Oktoba 1919, Gavana Edward Northey aliagiza waraka utoke Nairobi, ukatiwa saini na John Ainsworth, mkuu wa masuala ya wenyeji. Uliwataka maofisa wa serikali na machifu wawahimize vijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Pale ambapo mashamba yalikuwa karibu na makazi ya wenyeji, wanawake na watoto nao wahimizwe. Chifu mzembe jina lake liandikwe na kupelekwa juu. Kila aliyeishi chini ya chifu alijua maana ya kuhimizwa. Taita, ambako mkonge ulikuwa umeshaingia nyika za Voi na Mwatate na ardhi ya mabonde ikawa inapungua, waraka kama huo haukuhitaji mkalimani.

Wakubwa wa makanisa ya Kenya na Uganda walijibu upesi, kwa tamko la maaskofu Heywood wa Mombasa na Willis wa Uganda pamoja na Dkt. John Arthur wa misheni ya Waskoti. Ni andiko la watu waangalifu. Lilionyesha hatari za waraka, kisha likakubali kwamba shuruti inaweza kuvumiliwa kwa kazi za umma, ikiwa kuna sheria na ulinzi. Sitaki kuwabeza. Tamko lao ndilo lililoifikisha habari London, na bila hilo wengine wasingekuwa na pa kuanzia. Lakini lilikuwa limeandikwa na watu ambao kesho yake wangekula chakula cha mchana na gavana, na hilo linasomeka.

Weston hakuwa na miadi ya chakula Nairobi. Kenya haikuwa dayosisi yake, na kwa desturi ya maaskofu alikuwa anaingilia boma la mwenzake. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kingine: *The Serfs of Great Britain*, watwana wa Uingereza.

Yaweke majina hayo mawili pamoja, la 1918 na la 1920, uone ufundi wa mtu huyu. Jina la pili limefumwa kwa uzi wa la kwanza. Aliyeshangilia alipoambiwa kwamba Mjerumani anawatumikisha Waafrika kwa nguvu, aliyelinukuu hilo bungeni na makanisani, sasa anawekewa mbele kipimo kilekile na kuulizwa kitu kilichobadilika zaidi ya bendera. Hawezi kumwita mwandishi adui wa taifa, maana miaka miwili iliyopita alimwita shujaa wake. Hawezi kusema kwamba mwandishi hajui mambo ya Afrika, maana ndiye aliyemtegemea kama shahidi. Sidhani kwamba mwaka 1918 Weston alikuwa ameshapanga mtego huu; mambo hayo hayapangiki. Ila alipopata nafasi ya kuutega aliiona, na hakusita kuitumia dhidi ya watu wake mwenyewe. Kwangu hicho ndicho kipimo cha mwandishi wa barua za namna hii. Uhodari wa kumshitaki jirani unapatikana kila kona. Kuyatumia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, nyumbani kwako, bila kuyafunika kwa nguo laini, kunataka mtu mwenye roho ngumu na sikio zuri la lugha.

Hakulegeza hoja kama wenzake walivyofanya. Kwake kazi ya shuruti ilikuwa kosa la kimaadili, na hilo halirekebishwi kwa masharti. Msimamo huo ulikuwa na faida ya kiuandishi pia: ombi linabaki moja. Anayeomba kosa lipunguzwe ndiye anayelazimika kueleza kiasi gani kinavumilika, na mjadala ukifika kwenye kiasi, mwenye shamba ameshashinda.

Mwaka huohuo alikwenda London kwenye mkutano wa maaskofu wa Lambeth, akatumia nafasi hiyo kuchochea moto. Kazi ya kusuka watu pamoja ilifanywa na J. H. Oldham, katibu wa mambo ya misheni, ambaye mikono yake ilikuwa laini kuliko ya Weston na labda yenye manufaa zaidi. Septemba 1921 Winston Churchill, waziri mpya wa makoloni, alituma agizo kwamba maofisa wa serikali ya Kenya wasijihusishe tena na kuwatafutia waajiri binafsi vibarua. Kipande, kile kitambulisho cha kazi, kilibaki shingoni, kodi ilibaki, na njaa ya ardhi iliendelea kuwapeleka watu mkongeni bila chifu kuwasukuma. Hata hivyo, waraka uliandikwa kwa wino na ukafutwa kwa wino.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Mwaka 1913 aliwashitaki kwa uzushi Willis huyohuyo na askofu wa Mombasa wa wakati huo kwa sababu ya ushirikiano wa madhehebu uliozungumzwa kule Kikuyu, na kwa hilo pia aliandika barua ya wazi. Alipenda ugomvi wa theolojia kama wengine wanavyopenda bao. Aliwapenda Waafrika kwa namna ya baba, na namna hiyo ina mipaka yake. Katika vijitabu vyote viwili anayezungumza ni yeye. Mpagazi na kibarua wanasemewa. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, Novemba 1924, bila kuona walichokuja kufanya waliosemewa.

Maana wao pia walijifunza. Mwaka 1939 watu wa Taita walianzisha chama chao, Taita Hills Association, Mengo Woresha akiwa miongoni mwa viongozi. Malalamiko yao yalikuwa ya hapahapa: ardhi iliyochukuliwa na mashamba makubwa, na mipango ya serikali ya kuamua nani akae wapi na afuge ng'ombe wangapi. Walikusanyika, wakachanga, wakapeleka madai yao kwa serikali kwa jina lao wenyewe. Vita vingine vya dunia vilikuwa vimeshaanza, na mwaka 1940 chama hicho kilipigwa marufuku pamoja na kile cha Wakikuyu na kile cha Wakamba, na viongozi wakawekwa kizuizini Kapenguria.

Weston hakuwahi kufungwa kwa barua zake. Alisomwa, alijibiwa, alialikwa mikutanoni, na alipokosea adabu watu walisema ndivyo alivyo. Ujasiri wa mtu huyo siupunguzii thamani, lakini nikiulizwa ni nani hasa aliyeandika kwa gharama katika habari hii yote, nitawataja kwanza wale wa Taita, kisha Wabaluchi wa Salaita, na askofu baada yao.