Panya Yule Ameiharibu Picha

Kila aliyeiona picha ya bundi wa dambo, ile iliyopigwa kando ya barabara ya Likasi–Kolwezi, amesifu makucha yaliyotangulia na macho yaliyoikazia lenzi. Hayo mawili ndiyo yanayonikera.

Itazameni tena. Asio capensis akiwinda kwa hiari yake hupita chinichini juu ya nyasi, kwenda na kurudi, kichwa kimeinama, akisikiliza kuliko anavyotazama. Akimwona mtu hukata kona. Huyu wa pichani anashuka moja kwa moja kwa mtu aliyelala mahali peupe, miguu imenyooka. Hashuki hivyo ila amewekewa kitu. Mpigapicha mwenyewe amekiri: panya hai, kafungwa uzi mguuni.

Uzi ule ulimpa umbali anaoujua, fokasi iliyopangwa mapema, hata pembe ya mabawa. Yeye alibaki na kubonyeza tu. Tena alichagua ukingo wa lami, kwenye njia ya malori ya shaba na kobalti! Bundi aliyekwisha kujua kwamba ukingoni kuna chakula atarudi, na atarudi gizani, taa zikimpofusha. Na huku kwetu, ambako bundi akilia juu ya paa hupigwa mawe kwa hofu ya uchawi, kumzoeza kuwafuata watu ni kumuua kwa mkono wa mwingine.

Shata 1/1600, ISO 3200, mwanga wa nyuma: hapo sina neno. Wale wa 1/4000 nimewapinga miaka nenda rudi. Bundi huyu ana mabawa mapana na mwili mwepesi, huruka polepole. Kasi ile jioni huijaza picha chengachenga na kufuta pindo laini za manyoya zinazolifanya bawa lisisikike.

Mpigapicha wa ndege Eric Hosking alipoteza jicho la kushoto mwaka 1937 kwa kucha za bundi, na bundi hakuwaacha. Mwaka 1948, kwa flashi ya umeme, alimnasa bundi mweupe katandaza mabawa, panya mdomoni. Panya yule bundi alimwinda mwenyewe. Kazi ya Hosking ilikuwa kujificha na kungoja. Leo tuna kamera za picha 20 kwa sekunde, na bado mtu anakwenda sokoni kununua panya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakumhitaji. Kiangazi upepo wetu hutoka kusini-mashariki, na bundi hupenda kuwinda akiukabili, kwa kuwa humpunguzia mwendo. Ukijibanza ndani ya dambo, mbali na lami, upepo ukiwa mgongoni, unaelekea kaskazini-magharibi: bundi anakujia kwa mbele, na jua la saa kumi na moja na nusu linakuwa nyuma yake. Mwanga ni uleule wa picha ile, na macho yangekuwa kwenye nyasi, yanakostahili kuwa.