Kaimati na Nasaba Yake

Atakaye kuijua nasaba ya kaimati, zipikwazo Ramadhani katika nyumba za Dimani na Kibiti, pande za Rufiji, kama zipikwavyo Lamu na Unguja, asianze na hadithi za majahazi ya Washirazi, bali atazame kazi ya mkono wa mpishi, kwani humo ndimo ithibati ilimo. Mwaka 1226 Muhammad al-Baghdadi alieleza katika kitabu chake cha mapishi namna ya kuuacha unga uchachuke, kuumega vidonge vidogo, kuvikaanga katika mafuta ya ufuta na kuvichovya katika shira. Na Waajemi hata leo hula Ramadhani zulbia na bamia (si ile mboga), zitokazo mafutani zikaingia shirani vivyo hivyo. Wala njia haikukosekana: vyombo vya Ghuba vilikuja na kaskazi vikaingia katika mito ya delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, na mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alifika huko ndani ya chombo cha Kuwait.

Unga wa ngano hupigwa kwa mkono pamoja na hamira na tui vuguvugu hata uvutike, kisha hufunikwa uumuke; hewa izaliwayo na hamira hunaswa na mnato wa ngano, ndiyo maana kidonge kiminywacho katika ngumi na kukatwa kwa kijiko huviringana chenyewe kikitumbukia mafutani. Mafuta yakiwa makali mno, ganda huiva na ndani kukabaki ubichi; yakiwa hayajapata moto, kaimati hunywa mafuta mahali pa shira. Shira nayo, ya sukari na hiliki, hutiwa matone ya ndimu, kwa kuwa ukali wake huivunja sukari isirudi kuganda chenga. Hapo kaimati hutiwa zingali moto: mvuke uliomo ndani hupoa, hunywea, na huivuta shira kupitia ganda. Aziachaye zipoe kwanza huipaka kaimati utamu kwa nje tu, na hiyo, kwa rai yangu, si kaimati.

Lakini nafaka ya Rufiji ni mpunga, nao mchele hauna mnato ule. Ukirowekwa, ukasagwa, ukachanganywa na tui na hamira, uji wake ukimiminwa ovyo katika mafuta mengi hutawanyika. Basi hutaka chuma chenye vishimo, na hapo ndipo kitumbua huzaliwa. Sukari yake hutiwa katika uji wenyewe, kwani mwili wake laini, uliokwisha kushiba tui, hauna ganda gumu la kuistahimili shira; ukichovywa, humeguka.